Kabla Hujauza Saluni Ununue Krosova

Machi 2021 Toyota iliacha kutengeneza Premio na Allion, magari mawili ambayo kwa miaka mingi yamekuwa alama ya mtu aliyejiweza Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Mark X ilikuwa imetangulia Desemba 2019. Julai 2022 ikafika zamu ya Crown, saluni iliyoanza kuundwa mwaka 1955 na kubeba wakubwa wa Japani kwa vizazi: kizazi chake kipya kilizinduliwa kwa umbo la krosova kwanza, saluni ikafuata baadaye. Marekani mambo yalikuwa yameanza mapema zaidi. Ford ilitangaza Aprili 2018 kwamba itaachana na karibu saluni zake zote huko Amerika Kaskazini, na mwishoni mwa 2024 Malibu, saluni ya mwisho ya Chevrolet kwenye soko hilo, ikaacha kutengenezwa. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba asilimia 48 ya magari yaliyouzwa duniani mwaka 2023 yalikuwa ya kundi la SUV, na krosova zinahesabiwa humo.

Wauza magari wanazijua habari hizi vizuri na wanazitumia. Ingia yadi uulize saluni, utaambiwa saluni zimepitwa na wakati, barabara zetu haziziwezi, na siku ya kuuza hutapata mteja. Mwongozo huu ni kwa ajili yako uliyesimama hapo katikati: una saluni inayotembea vizuri, au una akiba ya kununua gari moja tu, na kila upande unakuvuta kwenye krosova. Hoja yangu ni moja. Umbo la krosova peke yake halikuhakikishii hata kimoja kati ya vitu vitatu ambavyo watu wengi hudhani wanavilipia: gari kukaa juu, gari kupita kwenye matope, na gari kuwa salama zaidi. Ziko krosova zenye vyote vitatu. Ziko pia zisizo na hata kimoja kati ya hivyo. Usichague kati ya kundi na kundi. Chagua kati ya gari na gari, tena ukiwa na tepu ya kupimia mkononi.

Tuanze na kilicholeta mabadiliko yenyewe, maana sababu za Mmarekani na Mjapani si lazima ziwe zako. Krosova hujengwa juu ya msingi wa gari dogo la kawaida, bodi na fremu vikiwa kitu kimoja, kisha huinuliwa na kupewa mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Toyota ilitoa RAV4 mwaka 1994. Honda ikaja na CR-V mwaka 1995 kutoka kwenye msingi wa Civic, Subaru ikatoa Forester mwaka 1997 kutoka kwenye Impreza, na mwaka huohuo Toyota ikaitoa Harrier kutoka kwenye Camry. Haya si magari ya ukoo wa Prado na Land Cruiser, ambayo bodi yake hukaa juu ya fremu nzito ya chuma. Kwa kiwanda faida iko wazi: msingi uleule, mara nyingi injini ileile, lakini bei ya juu zaidi. Marekani kulikuwa na msukumo mwingine wa kisheria. Taratibu za matumizi ya mafuta zilizotokana na sheria ya mwaka 1975 zilitenganisha magari ya abiria na malori mepesi, malori yakapewa masharti nafuu, na magari mengi yaliyoinuliwa yakahesabiwa upande wa malori. Kiwanda kilichobanwa na masharti ya saluni kilikuwa na sababu nzuri ya kuliinua gari badala ya kulifanya dogo.

Hapo mtu anaweza kusema kwamba basi wateja hawakubadilika, walibadilishwa. Hilo ni nusu ya ukweli. Mzee mwenye magoti mabovu huingia kwenye kiti kilicho usawa wa nyonga zake bila kujishusha wala kujivuta. Mzazi anayefunga kiti cha mtoto hainami hadi mgongo ukalalamika. Buti lenye mlango wa juu hupokea friji ndogo, gunia lililosimama, kigari cha mtoto. Dereva mfupi huona mbele ya msongamano. Haya ni mahitaji halisi, na kama ndiyo yako, nusu ya uamuzi wako imeshakamilika. Lakini angalia: hakuna hata moja hapo linalohusu barabara mbovu, na barabara mbovu ndiyo sababu ambayo mnunuzi wa kwetu huitaja kwanza.

Basi tupime barabara. Kipimo kinachoamua kama gari litagonga chini ni uwazi ulioko kati ya ardhi na sehemu iliyo chini kabisa ya gari, ambayo mara nyingi ni ekzosi, sampu ya oili au kinga yake. Kwa magari ya soko la Japani, Corolla Axio ya kuendesha magurudumu mawili ina milimita 155. Premio iko karibu na 160. Sasa tazama krosova. Toyota C-HR ya haibridi, iliyoingia sokoni Desemba 2016 na kuwavutia vijana wengi kwa umbo lake la ukali, ina milimita 140. Ndiyo, iko chini kuliko Axio. Mazda CX-3 ina 160, na Corolla Cross ya Japani, pamoja na jina lake lote, nayo ina 160. Honda Vezel ya kizazi cha kwanza ya magurudumu mawili inapanda hadi 185, sawa na Toyota Raize. Ukitaka tofauti ambayo utaihisi kwenye korongo, nenda kwa Subaru XV yenye 200, Mazda CX-5 yenye 210 au Forester yenye 220. Kati ya C-HR na Forester kuna sentimita nane, na yote mawili yamepangwa safu moja kwenye yadi kwa jina moja.

Takwimu za kiwandani hupimwa gari likiwa tupu na springi zikiwa mpya. Gari unalonunua limeshatembea miaka saba au nane, na siku ya safari ya mkoani au ya kwenda ushago litabeba watu watano na mizigo. Kwa hiyo fanya jaribio dogo kabla ya kulipa: omba watu wanne wakae ndani pamoja nawe, mtu mwingine ainame na tepu apime chini ya gari kuanzia kwenye ekzosi ya katikati hadi chini ya bampa la mbele. Mwuzaji akikataa, umepata jibu la swali jingine. Kisha angalia vitu viwili ambavyo milimita peke yake hazisemi. Kimoja ni umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma: Premio ina milimita 2,700 na Axio ina 2,600, na gari lenye nafasi ndefu kati ya tairi hugusa tumbo kwenye tuta kali hata kama uwazi wake unalingana na wa gari fupi. Cha pili ni pua. Bampa refu lenye plastiki za urembo chini yake huchubuka kwenye kila mteremko wa kuingilia geti, na krosova kadhaa za kileo zimepewa plastiki hizo kwa ajili ya kupunguza ukinzani wa hewa.

Baada ya hapo pima njia yako, si njia unayoiota. Andika kwa wiki mbili unapita wapi: kilomita ngapi za lami, ngapi za vumbi, matuta mangapi yanakugusa chini, na mara ngapi mvua imekuzuia kufika nyumbani. Wakazi wengi wa mijini watakuta kwamba zaidi ya tisa ya kumi ya mwendo wao ni lami, na tatizo lao lote liko kwenye mita mia chache za mwisho kabla ya nyumba. Kwa mtu huyo swali si saluni au krosova. Ni kama zile mita mia chache zinahitaji sentimita mbili au sita za ziada. Ikiwa ni mbili, tairi zenye ukuta mrefu zaidi ndani ya vipimo vinavyoruhusiwa na mtengenezaji, pamoja na shokapu na springi mpya, zinaweza kukurudishia kile ambacho gari lilizaliwa nacho. Mafundi wengi watakushauri uweke spesa juu ya springi. Spesa hulinyanyua gari kweli, lakini hubadilisha pembe ya ekseli za mbele, hula vifuniko vya mpira na jointi zake mapema, huharibu mpangilio wa magurudumu na kulifanya gari liyumbe zaidi kwenye kona. Ikiwa unahitaji spesa nene ili ufike nyumbani, umeshajithibitishia kwamba unahitaji gari jingine.

Kitu cha pili ni matope. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu urefu na mvuto ni mambo mawili tofauti. Krosova nyingi zinazoletwa kutoka Japani huendeshwa na magurudumu mawili ya mbele tu, sawasawa na Axio au Premio ya kawaida. Zikikwama kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi zitazungusha tairi palepale kama saluni yoyote. Usimwulize mwuzaji, soma msimbo wa modeli kwenye kibati cha chasisi au kwenye nyaraka za usafirishaji. Vezel ya kizazi cha kwanza yenye RU1 ni ya petroli na magurudumu mawili, RU2 ni ya petroli na magurudumu manne, RU3 ni haibridi ya mawili, RU4 ni haibridi ya manne. C-HR yenye ZYX10 ni haibridi ya magurudumu mawili. NGX50 ndiyo ya petroli yenye turbo na magurudumu manne. Kwa mshangao wa wengi, Premio yenyewe ilikuwa na toleo la magurudumu manne, ZRT265, yenye injini ya lita 1.8. Saluni inayovuta kwa magurudumu yote manne itatoka mahali ambapo krosova nzuri ya RU1 itasubiri trekta.

Nakubali kwamba mfumo wa magurudumu manne ni faida kubwa kwa anayeishi Limuru, Lushoto, Kisoro au popote penye milima na mvua za miezi. Lakini uhesabu gharama zake kabla ya kuusifu. Kuna difu ya nyuma inayohitaji oili yake, kuna shafti ya katikati, na tairi nne zinapaswa kulingana kwa ukubwa na kwa kiwango cha kulika, la sivyo mfumo unajichosha wenyewe. Vilevile, magari ya namna hii hununuliwa sana Hokkaido na Tohoku, kaskazini mwa Japani, ambako theluji ni nyingi na barabara humwagiwa dawa ya chumvi ya kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo hula chuma. Kwa hiyo unapoagiza gari la magurudumu manne dai picha za chini ya gari na karatasi ya mnada, usome alama za kutu, na kama daraja limeandikwa R au RA ujue gari lilipata ajali likatengenezwa.

Sasa gharama. Watu husema krosova zinakunywa mafuta, na wenye nazo hukanusha. Wote wana sababu, kwa maana kinachoamua zaidi ni uzito na injini kuliko umbo. Vezel ya petroli yenye injini ya 1500cc ina uzito wa takribani kilo 1,200, karibu sawa na Premio ya 1500cc, na bili zao za mafuta hazitofautiani sana. CX-5 au Forester inakaribia au kupita kilo 1,500 na ina injini ya lita mbili au zaidi, na hapo hesabu inabadilika. Shirika la Kimataifa la Nishati linaeleza kwamba SUV kwa wastani huwa na kilo 200 hadi 300 zaidi ya gari la ukubwa wa kati, na hutoa hewa ya ukaa zaidi kwa takribani asilimia 20. Chukua mfano wa kukisia: unaendesha kilomita 15,000 kwa mwaka, saluni yako inakupa kilomita 14 kwa lita, na krosova unayoitamani inakupa 11. Saluni itatumia lita 1,071, krosova 1,364. Tofauti ni karibu lita 290 kila mwaka, na kwa miaka mitano ni kama lita 1,460. Zidisha kwa bei ya mwezi huu, ile inayotangazwa na EPRA kila tarehe 14 nchini Kenya au na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nchini Tanzania, na utaiona bei halisi ya kukaa juu.

Tairi ni eneo ambalo wanunuzi hulisahau kabisa. Premio nyingi huvaa 195/65R15, kipimo ambacho karibu kila duka la tairi kuanzia Kisumu hadi Mbeya linacho, tena kwa bei za kila daraja. CX-5 ya daraja la juu huvaa 225/55R19. Tairi nne za inchi 19 hugharimu mara kadhaa ya zile za inchi 15, duka la mji mdogo huenda lisiwe nazo, na ukuta wake mfupi ukikutana na shimo lenye ncha, rimu inapinda. Hiki ni kichekesho kidogo cha soko letu: watu hununua krosova kwa sababu ya mashimo, kisha huchagua ile yenye rimu kubwa zaidi kwa sababu inapendeza. Ukichagua krosova, chagua daraja la chini lenye rimu ndogo. CX-5 hiyohiyo ipo yenye 225/65R17, nayo ndiyo ya barabara zetu.

Kodi nayo huangalia injini na umri, haiangalii umbo. Kenya hutoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 kwa gari la injini isiyozidi 1500cc na asilimia 25 kwa nyingi zinazozidi hapo, hivyo Vezel yenye 1496cc iko upande mmoja na Premio ya 1500, na CX-5 iko upande wa pili. Tanzania Bara haitozi ushuru huo kwa injini isiyozidi 1000cc, hutoza asilimia 5 hadi 2000cc, na asilimia 10 kwa zaidi ya hapo. Juu yake kuna tozo ya uchakavu ya asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi, na asilimia 30 kwa lililopita miaka kumi. Ndiyo maana Raize yenye 996cc, krosova ndogo iliyoanza kuuzwa Novemba 2019, inaweza kulipiwa kodi ndogo kuliko saluni kuukuu yenye injini kubwa. Viwango hivi huguswa kila Juni wakati wa bajeti, kwa hiyo tumia kikokotoo cha TRA au cha KRA wiki ileile unayoagiza, usitegemee hesabu ya rafiki aliyeagiza mwaka jana.

Kuhusu injini na giaboksi nitasema machache, ila haya hayakwepeki. Vezel ya haibridi ya kizazi cha kwanza inatumia giaboksi ya klachi mbili, na mwaka 2014 Honda iliyaita magari hayo Japani zaidi ya mara moja kwa ajili ya kurekebisha mfumo huo. Ukiipenda Vezel na fundi wako hana uzoefu wa giaboksi hiyo, toleo la petroli lenye CVT ni rahisi kuishi nalo, mradi utumie oili sahihi ya CVT na si oili yoyote ya ATF. CX-5 ya dizeli ina nguvu na hutumia mafuta kidogo kwenye safari ndefu, lakini kichujio chake cha masizi kinahitaji mwendo mrefu wenye joto ili kijisafishe. Dizeli yenye salfa ndogo imekuwa kiwango cha Afrika Mashariki tangu Januari 2015, kwa hiyo mafuta si kisingizio tena. Tatizo ni matumizi. Mtu wa kwenda kazini kilomita sita na kurudi katikati ya foleni asinunue dizeli hiyo.

Pingamizi la kwanza ambalo utalisikia ni la usalama: gari la juu linakulinda. Linakusaidia kuona mbali, kweli. Lakini kitovu cha uzito kikipanda, gari huinama zaidi linapokwepa ghafla, na barabara kuu zetu zina pikipiki, mbuzi na malori yaliyoharibika pasipo taa. Mfumo wa kudhibiti uthabiti umepunguza hatari ya kupinduka sana, kwa hiyo hakikisha gari lina mfumo huo na taa yake ya onyo haijazibwa kwa utepe kwenye dashibodi. Wanaotembea kwa miguu nao wahesabiwe. Taasisi ya IIHS ya Marekani ilichapisha Novemba 2023 utafiti ulioonyesha kwamba magari ambayo boneti yake imezidi inchi 40 kwenda juu, yaani mita moja na kidogo, yana uwezekano wa takribani asilimia 45 zaidi wa kumwua mtembea kwa miguu yanapomgonga kuliko yenye boneti fupi iliyoinama. Krosova ndogo nyingi hazifiki urefu huo, magari makubwa hufika. Na kuhusu mafuriko, kama yale yaliyoikumba Nairobi na Dar es Salaam Aprili 2024, sentimita tano za ziada humpa dereva ujasiri ambao gari halina. Injini ya krosova huvuta hewa kupitia mdomo ulio mbele, na maji yakiingia humo injini imekwisha, iwe ya saluni au ya Forester.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: thamani ya kuuza. Kama viwanda vimeacha saluni, nani atainunua yangu baada ya miaka mitano? Tufikiri pole pole. Kanuni ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu liandikishwe kwa mara ya kwanza. Premio za mwisho ziliandikishwa mwaka 2021, kwa hiyo mwisho wa kuziingiza ni Desemba 2028. Kuanzia 2029, mtu wa Kenya anayetaka Premio atainunua kutoka kwa mwenzake aliye nchini. Saluni inayopendwa, yenye spea zilizotapakaa kuanzia Kirinyaga Road hadi Kariakoo na mafundi wanaoijua hata wakiwa wamefumba macho, haishuki thamani ghafla kwa sababu tu mpya zimekoma kuja. Kinyume chake, uchache huisaidia kwa miaka kadhaa. Ila faida hiyo ina mwisho. Spea za bodi ndizo huanza kuadimika, na madereva wa teksi za mtandaoni, ambao ni wateja wakubwa wa magari madogo, hufuata gari linalopatikana kwa wingi. Anayenunua Premio leo kwa ajili ya miaka mitano yuko salama. Anayeinunua akitumaini kuiuza kwa bei nzuri baada ya miaka kumi na miwili anacheza bahati nasibu. Na kwa krosova fikra hiyohiyo inafanya kazi kinyume: modeli zinazoingia kwa maelfu sasa, Vezel na CX-5 zikiwamo, zitakutana zenyewe kwa zenyewe sokoni siku ya kuuza.

Kuna pia njia ya katikati ambayo mjadala huu huisahau, na mimi naiona bora kwa familia nyingi: stesheni wagoni kama Toyota Fielder. Ina uendeshaji na tairi za saluni, buti la krosova, na spea za Axio. Haipendezi machoni pa kila mtu, na jirani hatakupongeza. Lakini kama unachotafuta ni nafasi ya mizigo na wala si urefu, hakuna krosova ndogo inayokupa kwa bei hiyo.

Hukumu yangu basi ni hii. Ukiishi na kufanya kazi kwenye lami, na saluni yako iko nzima, baki nayo. Tumia sehemu ya pesa za krosova kubadilisha shokapu, bushi na tairi. Ukiwa na kilomita kadhaa za vumbi kila siku, nunua krosova yenye milimita 185 au zaidi na rimu ya inchi 17 kushuka chini, magurudumu mawili yanatosha. Ukiwa na mlima na matope, usikubali chini ya milimita 200 na magurudumu manne yaliyothibitishwa kwa msimbo wa modeli. Ukiwa na wazazi wenye miguu mibovu au watoto wawili kwenye viti vyao, krosova ni haki yako hata kama unaishi juu ya lami tupu, ila kaa na wazazi hao ndani ya gari kabla ya kulipa, maana C-HR ina paa la nyuma lililoshuka na madirisha membamba ambayo mzee atayalalamikia safari ya kwanza. Na mtu akikuambia saluni zimekwisha, mwombe akuonyeshe chini ya gari analokuuzia ni milimita ngapi.